Kupita, pasi na toleka



Mama mmoja wa kikundi chetu alikuja kuniona wiki iliyopita, saa ya watoto kutoka masomo. Alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ameifunga kwenye ncha ya kitambaa pamoja na franga za soko. Ilikuwa nakala ya barua ya binti yake wa kwanza. Ameniruhusu niandike habari hii hapa, mradi nisitaje jina wala mtaa.

Binti huyo aliomba kazi ya kuandika hesabu za ghala kwenye shirika moja. Wakubwa wa shirika wako Nairobi, kwa hiyo barua ilitakiwa kwa Kiingereza. Msichana aliandika peke yake, kwa mwandiko safi, hakumsumbua mtu. Katikati ya barua kulikuwa na sentensi hii: I passed the State Exam in 2022. Baada ya siku chache akapigiwa simu aje na diploma yake. Hana diploma. Mwaka ule aliingia kwenye mtihani siku zote na kujaza karatasi zote, lakini matokeo hayakufika asilimia 50. Yule aliyempokea akafunga faili, akamwambia kwamba pale hawachukui watu wanaoanza na uongo.

"Mwalimu," mama akaniuliza, "mtoto wangu ni mwongo?"

Nilimjibu palepale, na ninawajibu ninyi pia: hapana. Msichana alisema kweli kwa Kifaransa kichwani mwake, kisha kweli ile ikageuka uongo ilipoandikwa kwa Kiingereza.

Tazameni ilivyotokea. Kwa Kifaransa tunasema passer un examen. Maana yake ni kufanya mtihani: unaingia, unakaa, unaandika, unatoka. Kama ulishinda au ulianguka, sentensi bado haijasema. Mtu anaweza kusema j'ai passé l'Examen d'État mara tatu, asiwe na diploma hata moja, na hajamdanganya mtu. Kiingereza kililichukua neno hilohilo kutoka Kifaransa karne nyingi zilizopita, kisha kikalipeleka mahali pengine. Kwa Waingereza, to pass an exam ni kushinda mtihani. Ukitaka kusema tu kwamba ulifanya, unasema I took the exam, yaani niliuchukua, au I sat the exam, niliukalia. Neno passed halina habari na kukaa. Linataka mtu awe amekwisha kuvuka ng'ambo.

Sasa nisikilizeni, wamama mnaosema kila siku kwamba hamwezi kumsaidia mtoto Kiingereza kwa sababu hamkukisoma. Matokeo ya Exetat yakitoka, mtaa mzima unasikia nini? "Amepita!" Poda inamwagwa, mtoto anapakwa mpaka nyusi zinakuwa nyeupe, jirani ambaye hamsalimiani tangu Pasaka naye anakuja kucheza. Hakuna anayemwagiwa poda kwa sababu alikwenda tu kukaa kwenye benchi. Kiswahili chenu cha nyumbani, amepita mtihani, kinasema sawasawa na Kiingereza. Ni Kifaransa cha masomo kilichompoteza binti yetu. Kama angemsomea mama yake ile barua kabla ya kuipeleka, akamwambia "hapa nimeandika kwamba nimepita", mama angeruka juu: "Ulipita lini?"

Na Kifaransa chenyewe kina vyumba viwili. Mwisho wa mwaka, chini kabisa ya buletini, mnasoma kwamba mwanafunzi passe dans la classe supérieure. Hapo passe ni kushinda, na kinyume chake ni double, neno ambalo kila mama analijua hata kama hajui neno lingine la Kifaransa. Kwa hiyo mtoto anaweza passer mtihani na asi-passe darasa. Sisi watu wazima tumezoea, hatushangai. Mtoto wa miaka 12 anashangaa, na ana haki.

Kwa binti yetu tuliandika upya: I took the State Exam in 2022 and I am preparing to take it again. Ni sentensi yenye aibu kidogo, mtu angependa kuificha, lakini inasimama mbele ya mtu yeyote anayeomba diploma. Ile nafasi ya ghala ilikwisha kupewa mwingine. Mama yake alipeleka barua ya maelezo hata hivyo, kwa sababu jina la mtoto linabaki mjini baada ya kazi kupita.

Hayo yalikuwa neno likiwa kitendo. Kuna upande wa pili, na nadhani huo unawasumbua wanafunzi wangu zaidi. Kiingereza kina tabia ya kuchukua neno la mwendo, na bila kuliongezea wala kulipunguzia herufi, kuligeuza kuwa kitu. Walk ni kutembea, na a walk ni matembezi. Run ni kukimbia, na a run ni mbio. Ride ni kupanda kinga au farasi, na a ride ni safari yenyewe uliyopandishwa. Pass ni kupita, kisha a pass ni mpira uliompa mwenzako uwanjani, ni njia nyembamba kati ya milima miwili, ni alama za kutosha kwenye mtihani, ni karatasi inayokuruhusu kuingia mahali. Neno ni lilelile, halikubadili hata shati. Mtoto anafungua kamusi, anachukua maana ya kwanza anayoiona, anaandika "kupita" kila mahali. Baadaye anasoma alichoandika na hakielewi hata yeye.

Kiswahili chetu hakiendi hivyo. Sisi neno tunalivalisha. Kutoka kupita tunapata mapito, mpita njia, mapitio, upitishaji. Tunapata mpito pia, na hilo Wakongo tulilijua kabla ya kujifunza sarufi: serikali ya mpito ya 2003 hadi 2006, na kabla yake ile mipito ya miaka ya 1990 ambayo haikutaka kupita. Kutoka kukimbia tunapata mbio, na mkimbiaji, na mkimbizi. Herufi chache tu za mwisho, lakini mji huu unajua tofauti. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya Kisangani, mabarabarani hapakuwa na mkimbiaji hata mmoja.

Ndiyo maana mtoto aliyezoea Kiswahili anatafuta vazi kwenye neno la Kiingereza na halioni. Anatazama mwisho wa neno, kama alivyofundishwa kwa Kifaransa, na mwisho wa neno unamdanganya. She passes ni "anapita". Two passes ni "pasi mbili". Mkia ni uleule, -es na -es. Mimi nawaambia darasani: msitazame mkia, tazameni jirani wa kushoto. Kama kushoto amesimama mtu, she, we, mama, mwalimu, basi mtu huyo anafanya kazi, na neno ni kitendo. Kama kushoto kuna hesabu, au my, au kale kaneno kadogo a, basi ni kitu.

Nyumbani mnaweza kutumia njia rahisi zaidi, nayo haitaki Kiingereza. Ni ya soko. Kitu kinahesabika. Mtoto akikwama kwenye neno, mwambie akusomee sentensi yote, akueleze kwa Kiswahili au Lingala inavyokwenda, kisha umwulize: "Hicho naweza kukihesabu, kimoja, viwili, vitatu?" Akisema ndiyo, ni jina. Akisema "hapana mama, ni mtu anafanya", umepata jibu, naye amelipata mwenyewe. Nimewaona wamama wanaouza pondu na makemba wakilifanya zoezi hili haraka kuliko wanafunzi wa mwaka wa tano. Kuhesabu ni kazi yao.

Na kama mtaona ajabu kwamba neno moja linaweza kuwa kitendo na kitu bila kubadili chochote, tokeni mlangoni mtazame barabara.

Toleka! Kila mtu wa mji huu amekwisha kupanda toleka au kuiita kwa mkono. Ni kinga yenye kiti cha nyuma kilichofungwa kigodoro, dereva anakanyaga mbele, mama anakaa ubavu na kikapu chake mapajani. Lakini neno lenyewe si jina. Ni kitendo cha Lingala, kutoka koleka, kupita. Ile to- ya mwanzo ni "tu" yetu, sisi. Toleka ni "tupite", "twende zetu". Ni mtu anayemwambia mwenzake waendelee na safari. Mji ukalichukua neno likiwa linatembea, ukaliweka juu ya kinga, na tangu siku hiyo tunahesabu: toleka moja, toleka mbili, toleka tatu zimesimama mbele ya soko. Hakuna anayesikia tena kwamba anasema "tupite tatu".

Halafu dereva naye akahitaji jina, na hapo tukaenda kuomba mkia kwa Kifaransa: tolekiste, kama tunavyosema dentiste au journaliste. Na kwa wingi, sisi wa Kiswahili tunaongeza wa- mbele: watolekiste. Kichwa cha Kiswahili, tumbo la Lingala, mkia wa Kifaransa. Nimewahi kusikia mwalimu mwenzangu akilicheka neno hili, akisema ndiyo lugha iliyovunjika ya Kisangani. Sikubaliani naye. Mtu aliyelitengeneza, hata kama hajui kuandika, alijua bila kufundishwa jinsi kitendo kinavyogeuka kitu, na kitu kinavyogeuka mtu. Ni somo zima la sarufi, tena limebeba abiria.

Limebeba zaidi ya abiria. Vita ilipofunga mto, meli za Kinshasa zikakoma, mafuta yakawa machache na magari yakasimama, ni kinga zilizobeba mji: wagonjwa, mihogo, mikungu ya ndizi, magunia ya makaa, mabibi arusi. Vijana wengi walilisha nyumba za mama zao kwa kukanyaga. Leo moto zimewasukuma pembeni na nauli yao imepungua, lakini jina limebaki. Hata watoto ambao wamepanda moto tu tangu kuzaliwa wanalijua.

Hatuko peke yetu. Kule Benin, moto za kubeba watu zinaitwa zemidjan, neno la Kifon linalosema "nichukue upesi": ni sentensi nzima iliyogeuka chombo, kama yetu. Bodaboda ya Uganda na Kenya ilianza kwa neno la Kiingereza border, mpaka. Wapanda kinga wa Busia walikuwa wanavusha watu kati ya nchi hizo mbili, mpaka kwa mpaka, na lile neno likashikamana na kinga, baadaye na moto. Lakini mtasikia tofauti. Wao walichukua jina la mahali. Sisi tulichukua kitendo, tena kitendo chenye "sisi" ndani yake, na kwa sababu hiyo naipenda yetu zaidi. Mtanisamehe upendeleo.

Kuna neno lingine la namna hii ambalo tunalibeba mfukoni, na lina sauti tofauti kabisa. Laissez-passer. Ni amri: "mwacheni apite". Ofisi inamwambia askari. Nayo imegeuka kitu, karatasi yenye muhuri, tunahesabu laissez-passer moja, mbili, na tunalipia kila moja. Wazee wetu walijua nyingine. Wakati mji huu ukiitwa Stanleyville, Mkongo hakuweza kuacha eneo lake na kuja kukaa mjini bila ruhusa iliyoandikwa, passeport de mutation. Ndani ya passeport kuna passer, kupita, lakini anayepita si yeye anayeamua. Wekeni maneno hayo mawili pamoja, laissez-passer na toleka. La kwanza ni la mtu mwenye meza, anampa ruhusa mtu aliyesimama. La pili ni la watu wawili walio barabarani. Yote yametoka kwenye kupita.

Habari ya karatasi inanipeleka kwa wamama wetu wa biashara, wale wanaofuata barabara ya Beni na Kasindi kwenda kuchukua bidhaa Kampala. Tangu nchi yetu iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mnakutana na Kiingereza zaidi kuliko mimi ninayekaa na vitabu. Huko ruhusa ya mgeni kukaa kwa siku chache inaitwa visitor's pass. Hesabuni: moja, mbili. Ni kitu. Msiisome kama "mgeni amepita", mkafikiri mambo yamekwisha, mmepita, mko huru. Ni ruhusa, ina siku zake, na siku zikiisha inakufa hata kama mizigo haijapakiwa. Anayejua kwamba pass hapo ni kitu atauliza swali linalofaa: kinaisha lini? Anayedhani ni kitendo hataliuliza, kwa sababu kitendo kilichopita kimekwisha kupita.

Na wale wenye simu: kile kinachoitwa mot de passe, au kwa Kiingereza password, ni neno la kupitia mlangoni. Kijana anayejitolea kukusaidia kutuma pesa hahitaji kulijua. Basi.

Sikutaka kuandika linalofuata, lakini limeulizwa na familia mbili zenye watoto Marekani, nami ninalijibu. Waamerika, mtu akifariki, mara nyingi husema passed away, au kwa kifupi passed. Amepita. Ujumbe unaingia kwenye simu usiku: Uncle passed last night. Mtoto wa nyumbani anayejivunia Kiingereza chake anasoma kwa sauti, "Mjomba alipita jana usiku", na watu wanaanza kuulizana alipita wapi, alikwenda kwa nani, au alikuwa na mtihani gani katika umri ule. Sisi tunasema amefariki, ametutoka, na lugha yetu pia inamwona marehemu kama mtu aliyeondoka, kwa hiyo picha si ngeni. Lakini ujumbe ukitoka mbali ukiwa na neno passed, bila mtihani karibu yake, bila barabara, bila mpira, na jina la mzee likiwa mbele, msimpe mtoto ausome mbele ya wote. Mpigieni simu aliyetuma. Kwa jina, jambo hilo Waingereza hawaliiti pass. Wanasema his passing. Hapo, kwa mara moja, hata wao walilivalisha neno.

Mpira nimeutaja, nisiuache nusu. Wenzetu wa Tanzania na Kenya walichukua pass ya uwanjani wakaifanya pasi, na ni jina tu: wanatoa pasi, wanapiga pasi. Ndivyo Kiswahili kinavyofanya mara nyingi na maneno ya mwendo ya Kiingereza. Kinayapokea yakiwa vitu, kisha kinayatafutia kitendo cha kuyasukuma. Lift kwa Kiingereza ni kuinua, na pia ni kumpandisha mtu garini bure. Kwa Kiswahili imekuwa lifti, nawe unapewa lifti, unaomba lifti, wala husemi "nimekulifti". Ubaya wa kupiga pasi ni kwamba Dar es Salaam hiyohiyo ni kunyoosha nguo kwa chuma cha moto. Mama akimwambia kijana wake "piga pasi", ajue anazungumza na mchezaji au na mtu mwenye shati lililokunjamana.

Wengine wataniambia: mwalimu, kwa nini kupoteza ukurasa mzima kwa neno moja la Kiingereza wakati watoto hawana vitabu? Jibu langu ni ile barua iliyofungwa kwenye kitambaa. Msichana alikuwa na kitabu. Alikuwa na kamusi pia. Alichokosa ni mtu wa kumsomea kwa lugha wanayoelewana wote wawili. Sheria ya elimu ya 2014 inaziruhusu lugha zetu za taifa darasani, kama lugha za kufundishia na kama somo, na bado kuna walimu wanaowaambia watoto waache Kiswahili na Lingala mlangoni pamoja na viatu vya matope. Mtoto anayeviacha mlangoni anaingia ndani na nusu ya kichwa chake. Angalau nyumbani msimfanyie hivyo. Akirudi na zoezi la Kiingereza, usimwambie "mimi sijui, mwulize kaka yako". Mwambie: "Nisomee, unieleze kwa maneno yetu." Kisha sikiliza kama soko linavyosikiliza bei.

Zoezi la wiki ni hili. Mama anajibu mbili za kwanza, mtoto wa sekondari mbili za mwisho, na kila mmoja amweleze mwenzake sababu. Ni kitu, au ni kitendo?

Toleka mbili ziko mlangoni.

Basi mama, toleka!

My pass is in the bag.

We pass the market every morning.

Majibu yaandikwe kwenye daftari la kikundi na yaletwe kwenye mkutano wa Jumamosi. Wa Lubunga, mpeni mwenyekiti wenu kabla hajapanda mtumbwi, kwa sababu mwezi uliopita majibu yenu yalifika yameloa na sikuweza kusoma hata jina la kikundi.